Chumvi, magadi na maziwa: kipi ni kampaundi na kipi ni mchanganyiko?

"Shikamoo mwalimu. Mwanangu yuko kidato cha kwanza hapa Arusha. Kwenye jaribio la kemia walipewa orodha ya vitu wavigawe katika makundi matatu: elementi, kampaundi na mchanganyiko. Chumvi ya mezani aliandika ni mchanganyiko, kwa sababu pakiti ya nyumbani imeandikwa kwamba ina madini joto. Akakosa. Magadi aliandika ni kampaundi, akakosa pia. Maziwa aliandika kampaundi kwa vile ni meupe sawasawa kuanzia juu mpaka chini, nayo akakosa. Sasa anasema kemia ni kubahatisha tu. Mimi nina genge, chumvi na magadi nauza kila siku, lakini nilishindwa kumsaidia. Na hili la magadi limenitia wasiwasi: kama ni mchanganyiko, yamechanganyika na nini? Huku kwetu watu wengi wana meno ya kahawia. Wapo wanaosema ni maji, wapo wanaosema ni magadi. Maji ya kunywa nayachemsha na kuyachuja kwa kitambaa. Naomba unieleweshe, usinipe majibu ya kukariri."

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mawili, la mtoto na la meno, na umefanya vizuri kuyaleta pamoja kwa sababu yana mzizi mmoja. Ukielewa kwa nini mwalimu aliyaita magadi mchanganyiko, utaelewa pia kwa nini kitambaa chako hakiwezi kuzuia kinachoharibu meno, na kwa nini magadi ya gunia moja yanaweza kuwa na madhara kuliko ya gunia lingine hata kama kwa macho yanafanana kabisa.

Kwanza nimtetee kijana. Hakubahatisha. Kila jibu lake lina sababu, na ile ya chumvi ni sababu nzuri sana: alisoma pakiti. Kilichompoteza ni kipimo alichotumia. Anaangalia mambo mawili, kwamba kitu kinaonekana kimoja au vingi, na kwamba ndani yake mmetajwa vitu vingapi. Kikionekana kimoja, kwake ni kampaundi. Kikitajwa kuwa na vitu viwili, ni mchanganyiko. Wanafunzi wengi huingia darasani na kipimo hicho, na kwa vitu rahisi kama mchele wenye mchanga kinafanya kazi, ndiyo maana hakiwatoki upesi. Lakini kemia haigawi maada kwa sura yake wala kwa idadi ya vilivyomo. Inauliza vilivyomo vimeshikana vipi, na kwa uwiano gani.

Elementi ni maada yenye atomu za aina moja tu, ambayo huwezi kuivunja kwa njia ya kikemikali ukapata kitu sahili zaidi yake. Dhahabu, chuma, shaba, kaboni na oksijeni ni elementi. Leo zinajulikana 118. Mfaransa Antoine Lavoisier alipochapisha orodha yake mwaka 1789 aliweka vitu 33, na miongoni mwake aliingiza mwanga na joto, ambavyo si maada kabisa, akaingiza na chokaa. Chokaa aliiweka humo kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeweza kuivunja. Miaka 18 baadaye, mwaka 1807, Mwingereza Humphry Davy alipitisha umeme kwenye soda kali iliyoyeyushwa kwa moto akapata metali ambayo hakuna aliyewahi kuiona, sodiamu. Mwaka uliofuata akaipata kalsiamu kutoka kwenye chokaa, na chokaa ikahamia kundi la kampaundi. Mweleze mwanao habari hiyo. Makundi haya hayakushuka kutoka popote yakiwa tayari. Watu waliyapata kwa kujaribu kuvunja vitu na kuona kipi kinakubali na kipi kinakataa.

Hapo hapo mwonye kuhusu mtego mmoja. Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili mbili zilizoungana, na wanafunzi wengi wakiona "mbili" wanaandika kampaundi. Atomu zote mbili ni za oksijeni, kwa hiyo bado ni elementi.

Kampaundi ni atomu za elementi tofauti zilizoungana kwa bondi za kikemikali, yaani vifungo vinavyoshikilia atomu pamoja, kwa uwiano usiobadilika, na muungano huo una tabia zake mpya. Chumvi inaonyesha jambo hili vizuri kuliko kitu chochote ninachokijua. Sodiamu ni metali laini unayoweza kuikata kwa kisu cha jikoni, na ukiitupa majini inawaka na kuruka. Klorini ni gesi ya kijani-manjano inayounguza mapafu. Tarehe 22 Aprili 1915 jeshi la Ujerumani liliiachia juu ya wanajeshi waliokuwa kwenye mahandaki karibu na Ypres, Ubelgiji, na wengi wakafa kwa kukosa pumzi. Metali hiyo na gesi hiyo zikiungana unapata chumvi ya kutia kwenye mchuzi. Ukatili wa sodiamu haumo tena, sumu ya klorini haimo tena. Tabia zote mbili zimepotea kwa sababu kila atomu ya sodiamu imeipa ya klorini elektroni moja, na sasa zinashikana kwa namna nyingine kabisa.

Halafu kuna uwiano. Chukua gramu 100 za sodiamu kloridi halisi kutoka visima vya Uvinza, au kutoka mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, au iliyotengenezwa maabara: humo mna gramu 39 hivi za sodiamu na gramu 61 hivi za klorini. Haijalishi nani ameitengeneza au mwaka gani. Kampaundi ina ahadi ya uwiano, na ahadi hiyo haivunjwi.

Mchanganyiko hauna ahadi hiyo. Vilivyomo vimekaa pamoja lakini kila kimoja kimebaki na tabia yake, uwiano wake unaweza kuwa wowote, na unaweza kuvitenganisha bila kuvunja bondi: kwa kuchuja, kukausha, kupepeta, kuchemsha na kuukusanya mvuke. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali katika kila kilo. Wanaovuna chumvi pwani wanajua kwa uzoefu kwamba jua likizidi kuyakausha, vitu haviji vyote kwa mara moja. Kwanza hutuama chokaa na jasi, baadaye ndipo chumvi yenyewe inapoganda, na maji machungu yenye magnesi yanayobaki mwishoni humwagwa kabla hayajaharibu ladha. Kila kitu kinaganda kwa zamu yake kwa sababu kila kimoja kilibaki kuwa chenyewe muda wote kilipokuwa baharini.

Sasa turudi kwenye pakiti. Mwalimu alipoandika "chumvi ya mezani" alikusudia sodiamu kloridi, na hiyo ni kampaundi bila ubishi. Mwanao alikuwa akiifikiria pakiti ya genge lako, ambayo ndani yake mna sodiamu kloridi, mna madini joto, ambayo hapa kwetu kwa kawaida huwekwa kama potasiamu iodeti kwa kiasi cha makumi tu ya miligramu katika kilo nzima, na mara nyingi mna kitu cha kuzuia chumvi isigandamane. Pakiti hiyo kwa hakika ni mchanganyiko. Tena ndiyo maana kiasi cha madini joto kinaweza kupungua chumvi ikianikwa juani au ikikaa na unyevu muda mrefu, huku chumvi yenyewe ikibaki vile vile. Kwa hiyo wote wawili wanasema kweli, ila wanazungumzia vitu viwili: mmoja anazungumzia dutu yenye jina, mwingine anazungumzia bidhaa iliyo dukani. Mimi ningemsahihisha mtoto, lakini kando ya alama ya kosa ningeandika neno la kumsifu.

Kwenye maziwa hana wa kumtetea, lakini kosa lake linafundisha. Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa asilimia 87 hivi, na sehemu iliyobaki ni mafuta, protini, sukari ya maziwa na madini. Sukari imeyeyuka kabisa. Mafuta hayajayeyuka; yanaelea kama vitone vidogo mno, na protini zimejikusanya katika chembe ndogo zaidi ya hivyo. Weupe anaouona ni mwanga unaogonga vitone na chembe hizo na kutawanyika kila upande. Kama maziwa yangekuwa dutu moja, yasingetoa malai juu yakilala usiku, wala mama zetu wasingeweza kuyasukasuka kwenye kibuyu wakapata siagi. Kusukasuka hakuvunji bondi. Kunavikusanya vitone vya mafuta tu, na hilo peke yake linatosha kujibu swali la mtihani.

Vingine vilivyozoeleka kwenye mitihani nitavitaja haraka. Hewa ni mchanganyiko: nitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, na asilimia moja iliyobaki karibu yote ni agoni. Sukari nyeupe ni kampaundi, na kati ya vitu vyote vya jikoni ndiyo iliyo karibu zaidi na usafi wa kikemia. Maji yaliyotoneshwa ni kampaundi. Maji ya bomba, ya mto na ya chupa ni mchanganyiko kwa sababu yana madini yaliyoyeyuka. Chuma cha pua kisichoshika kutu ni mchanganyiko wa chuma, kromi na vingine, na pete ya dhahabu ya karati 18 ina dhahabu asilimia 75 tu. Inayobaki ni metali nyingine.

Magadi ndiyo yenye kina.

Ziwa Natron liko mkoani mwenu, na kusini yake unasimama mlima Ol Doinyo Lengai, volkano hai pekee inayojulikana duniani kutapika lava ya kaboneti ya sodiamu. Miamba na majivu ya volkano ya bonde lote hilo yamejaa sodiamu. Maji yakipita humo yanaibeba, yanaishia kwenye ziwa lisilo na mto wa kutokea, jua linayakausha, na kinachoganda ni madini ambayo wanajiolojia huyaita trona. Hivyo hivyo ndivyo ilivyo Ziwa Magadi upande wa Kenya. Trona safi ni kampaundi. Ndani ya fuwele yake, kwa kila kaboneti moja ya sodiamu kuna bikaboneti moja na maji mawili, yamefungwa pamoja kwa mpangilio na uwiano ule ule kila mahali. Mtu akikuambia trona ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti amekosea. Huwezi kuchanganya hizo mbili kwa kijiko ukasema umepata trona. Ukiipasha moto sana maji yanatoka, na sehemu ya kaboni dayoksaidi inatoka, na kila gramu 100 za trona safi zinakuachia gramu 70 hivi za kaboneti tupu. Namba hiyo haibadiliki.

Lakini wewe huuzi trona safi. Unauza magadi. Ziwa halikugandisha trona peke yake. Limeweka humo chumvi ya kawaida, udongo, na floraidi ya sodiamu, na floraidi hiyo ndiyo inayoharibu meno ikizidi, kwa sababu miamba ile ile iliyotoa sodiamu imejaa na floraidi. Mwalimu alikuwa sahihi, na jibu la swali lako "yamechanganyika na nini" ndilo hilo.

Niruhusu nikupeleke Misri kidogo, kwa sababu ubishi mkubwa kuhusu jambo hili hili ulipitia kwenye magadi. Mwaka 1798 mkemia Mfaransa Claude Louis Berthollet alifuatana na jeshi la Napoleon mpaka Misri, na huko akaviona viziwa vya jangwani ambavyo kandokando yake soda, yaani kaboneti ya sodiamu, inajiganda yenyewe. Aliona chumvi ikikutana na mawe ya chokaa na kutoa soda, kinyume na ilivyozoeleka maabara. Akafikiri kwa usahihi kwamba wingi wa vitu unaweza kuamua mmenyuko uelekee upande gani. Kisha akaenda mbali zaidi akadai kwamba hata uwiano wa elementi ndani ya kampaundi hubadilika kulingana na wingi wa vitu vilivyokutana. Mfaransa mwenzake, Joseph Proust, aliyekuwa akifanya kazi Hispania, akamkatalia. Proust alipima kaboneti ya shaba iliyochimbwa ardhini na ile aliyoitengeneza mwenyewe, akakuta uwiano ni ule ule. Walibishana kwa miaka, kwa heshima, na aliyeshinda ni Proust. Vitu vingi ambavyo Berthollet alivitoa kama ushahidi, aloi, vioo na mimumunyo, vilikuwa michanganyiko. Mwanazuoni mkubwa kiasi hicho naye alichanganya makundi mawili yanayomsumbua mwanao leo. (Haki itendeke: zipo kampaundi chache, mfano oksaidi moja ya chuma, ambazo uwiano wake huyumba kidogo, na wakemia wamezipa jina la Berthollet. Kidato cha kwanza hakuna atakayeulizwa hilo.)

Kazi ya Proust inajibu pia dhana moja ninayoisikia mara nyingi sokoni, kwamba magadi ni "ya asili" basi hayana kemikali, na cha kiwandani ndicho chenye kemikali. Kila maada ni kemikali. Kaboneti ya sodiamu iliyotoka ziwani na iliyotoka kiwandani ni kitu kimoja. Tofauti ya kweli iko kwenye vingine vilivyofuatana nayo, na kilichofuatana na magadi ya ziwani ni floraidi.

Fanya jaribio hili pamoja na kijana, halina hatari. Koroga kipande cha magadi kwenye glasi ya maji, acha yatulie, kisha chuja kwa kitambaa. Udongo utabaki juu ya kitambaa. Hiyo ni sehemu ya mchanganyiko ambayo haikuyeyuka. Maji yaliyopita yatakuwa angavu. Yamimine kwenye sahani, yaanike juani, na kesho yake utakuta ukoko mweupe. Wote ulipita kwenye kitambaa bila kizuizi: trona, chumvi, floraidi. Dondoshea ndimu juu ya ukoko huo, utatoa povu, ambalo ni kaboni dayoksaidi ikitoka kwenye kaboneti. Dondoshea ndimu juu ya chumvi ya mezani, haitatoa kitu. Kuchuja na kuanika ni mabadiliko ya kiumbo. Povu ni mabadiliko ya kikemikali. Msiule ukoko huo, mwagieni mbali.

Sasa unaona tatizo la kitambaa chako. Kinazuia chembe. Floraidi iliyoyeyuka si chembe ya kuzuiwa, iko katikati ya molekuli za maji na inapita popote maji yanapopita. Kuchemsha nako hakuiondoi kwa sababu haigeuki mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Maji yenye miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ukiyachemsha mpaka yabaki nusu yanakuwa na miligramu 3 kwa lita. Usiache kuchemsha, tafadhali. Kuchemsha kunaua vijidudu, na kuhara kunaua watoto. Ila usitegemee kuchemsha kwa kazi isiyo yake, na usiyaache maji yatokote muda mrefu bila sababu.

Kuhusu meno ya kahawia, wanaosema ni maji wana haki na wanaosema ni magadi wana haki. Maji ya chemchemi na visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkano, na magadi yanaongeza nyingine kwenye chungu. Floraidi kidogo husaidia meno kupambana na kuoza. Ikizidi wakati meno ya ukubwani yanajijenga chini ya fizi, yaani tangu uchanga mpaka umri wa miaka minane hivi, inavuruga ujenzi wa tabaka gumu la nje. Jino linaota likiwa na madoa meupe, na baadaye hunywa rangi ya kahawia. Jino lililokwisha kujengeka halipati tena ugonjwa huo, kwa hiyo mwanao wa kidato cha kwanza amekwishavuka hatari hiyo ya meno. Wanaohitaji ulinzi wako zaidi ni wadogo zake na watoto wa wateja wako. Ikizidi sana kwa miaka mingi, floraidi huathiri na mifupa: maungo hukakamaa, na kwa watoto miguu inaweza kupinda.

Utaniuliza basi magadi ya gengeni kwako yana floraidi kiasi gani. Hapo ndipo ule mgawanyo wa darasani unapogusa maisha. Kama yangekuwa kampaundi ningekuambia kiasi hapa hapa kwa kalamu na karatasi, kama nilivyofanya kwa chumvi. Kwa kuwa ni mchanganyiko, kiasi kinategemea yalikochotwa, msimu, na kama yamekwanguliwa na udongo au yamekatwa kwenye tabaka nene. Rangi haikuambii. Weupe haukuambii. Ladha haikuambii. Ni kipimo cha maabara peke yake.

Tuyapime na matumizi yake. Magadi yanalainisha maharage, makande na mboga ngumu kwa sababu ualkali wake unalegeza utomvu unaoshikilia kuta za chembe za mmea. Hilo ni jambo la maana kwa mtu anayenunua mkaa kwa kopo, na sitamdharau anayeyatumia kwa sababu hiyo. Lakini ualkali huo huo pamoja na joto huharibu vitamini B1 ya maharage, na sodiamu yake inaongezeka juu ya chumvi ya chakula, jambo baya kwa mwenye presha. Kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji na kupika kwa maji mapya hupunguza sana muda wa kupika, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza. Anayeshindwa kabisa aweke soda ya kuumulia keki ya dukani, kidogo sana: ni bikaboneti ya kiwandani iliyosafishwa, kwa hiyo mzigo wa floraidi hauna, ila sodiamu na hasara ya vitamini viko pale pale. Kwa watoto chini ya miaka minane ningeyaacha magadi ya ziwani kabisa. Kwa kutengenezea sabuni hakuna ninachokukataza.

Kwa maji una njia tatu za kweli. Chanzo kingine chenye floraidi ndogo, kama kipo, ndicho bora kuliko kuhangaika kuisafisha. Maji ya mvua yana floraidi kidogo mno. Kama una bati safi na tangi lenye mfuniko, yatenge kwa kunywa na kupikia chakula cha wadogo, na hayo nayo uyachemshe kwa ajili ya vijidudu. Njia ya tatu ni chujio la mkaa wa mifupa, ambalo wataalamu wa kituo cha Ngurdoto huko huko Arusha wamelifanyia kazi kwa miaka mingi. Madini ya mfupa yanaikamata floraidi na kuishikilia, yaani halichuji kama kitambaa, linaivuta kikemikali. Udhaifu wake ni kwamba linachoka. Likishajaa linaacha kufanya kazi bila kukupa dalili yoyote, maji yanatoka angavu vile vile, kwa hiyo lazima yapimwe mara kwa mara na mkaa ubadilishwe. Mkaa wa kawaida wa kupikia hauifanyi kazi hiyo.

Mambo ambayo siwezi kukusaidia nikiwa mbali ni haya. Maji yako yapimwe floraidi kwenye maabara ya maji iliyo karibu nawe, na sampuli ya magadi unayouza ipeleke ofisi ya kanda ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali uulize utaratibu na gharama; mkiungana wenye magenge wachache mnaonunua kwa msambazaji mmoja, mnagawana. Mtoto mwenye madoa kwenye meno aonwe na daktari wa meno, kwa sababu si kila doa la kahawia ni floraidi, na yapo madoa yanayoweza kupunguzwa. Mtoto ambaye miguu inapinda, au mtu mzima ambaye mgongo na maungo yanakakamaa, aende hospitali bila kungoja matokeo ya maji. Kupinda miguu kuna sababu nyingine pia, kama upungufu wa vitamini D, na matibabu yake ni tofauti.

Na kijana amwendee mwalimu wake, akiwa na pakiti ya chumvi mkononi, si kudai alama bali kuuliza: "Swali likisema chumvi, niichukulie kama sodiamu kloridi?" Mwalimu yeyote anayeipenda kazi yake atafurahia swali hilo. Kwenye mtihani, jina la dutu likitajwa peke yake alijibu kama dutu safi. Bidhaa ikitajwa kwa maelezo yake, kama vile "chumvi yenye madini joto" au "maji ya bomba", aijibu kama ilivyo dukani au bombani. Na penye nafasi ya kueleza, aandike sababu kwa maneno machache: je, uwiano unabadilika, na je, ninaweza kuvitenganisha bila kuvunja bondi. Magadi yako ya gengeni uwiano wake unabadilika, na udongo wake ameutenganisha kwa kitambaa kwa mikono yake mwenyewe. Akiandika hivyo hakuna wa kumkosesha.